Picha Hazimnyamazishi Mtoto: Majibu kwa Madai Saba

Kila inapotajwa ratiba ya picha kwa mtoto mwenye usonji, sindromu ya Down au ucheleweshaji mwingine wa ukuaji, hoja zilezile huibuka. Utazisikia kwenye kikao cha wazazi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata ofisini kwa walimu. Wanaozitoa si watu wenye nia mbaya. Ni mama aliyechoka, ni shangazi aliyelea watoto wengi wakakua vizuri, ni mwalimu mwenye darasa lililofurika. Wanamtakia mtoto heri. Tatizo ni kwamba madai yao yanamwondolea mtoto msaada ambao ungeanza kumfaa kesho asubuhi. Kwa hiyo yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine, bila kumkejeli mtu na bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kabla ya kujibu, tuelewane tunazungumzia vitu gani. Kuna ratiba ya picha: kadi kadhaa zilizopangwa kwa mfuatano, zikimwonyesha mtoto ataanza na nini, atafuatia na nini, mpaka mwisho. Kuna ubao wa "kwanza – halafu", wenye picha mbili tu. Kuna kadi za kuomba, ambazo mtoto humkabidhi mtu ili apate maji, msaada au mapumziko. Kuna visa vifupi vyenye picha, vinavyomwandaa mtoto kwa jambo geni kama kunyolewa, kwenda hospitali au kuhudhuria harusi.

Vyote hivyo vina msingi mmoja. Neno likishatamkwa limepita. Picha inabaki palepale na mtoto anaweza kuirudia mara anazotaka. Kwa mtoto ambaye maana ya maneno humfikia kwa kuchelewa, au ambaye mngurumo wa feni humwingia masikioni kwa nguvu ileile ya sauti ya mama yake, tofauti hiyo ni kubwa mno. Anaweza kumaliza siku nzima bila kujua anapelekwa wapi, na nani, na shughuli aliyomo itakwisha lini. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ukorofi huzaliwa hapo. Basi msimamo wangu ni huu: mpe mtoto taarifa anayoweza kuishika, mpe na njia ya kukujibu, ndipo uipime tabia yake.

Dai la kwanza: "Ukimzoesha picha, hatazungumza kamwe"

Hili ndilo dai linalowatia wazazi hofu kuliko yote, na hofu yenyewe inaeleweka. Mzazi anayesubiri neno la kwanza anajiuliza: kama mtoto atapata embe kwa kutoa kadi, atajisumbua nini kulitamka?

Swali hilo limechunguzwa. Mwaka 2006, Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti 23 kuhusu watu 67 wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa njia mbadala za mawasiliano, zikiwamo ishara za mikono na picha. Walipochuja na kubakiza tafiti 6 zilizofanywa kwa umakini wa kutosha, zenye watu 27, hawakumpata hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 waliongeza usemi, asilimia 11 walibaki walipokuwa. Ongezeko lenyewe kwa wengi lilikuwa la kiasi, na hapa hatuna haja ya kutia chumvi: picha si dawa ya kumfanya mtoto azungumze. Lakini hofu kwamba zinamnyang'anya usemi haina pa kusimama.

Sababu inaonekana ukiangalia kadi zinavyofundishwa. Chukua PECS, mfumo wa mawasiliano ya kubadilishana picha ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985. Katika hatua ya kwanza wanahitajika watu wazima wawili. Mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa na kitu ambacho mtoto anakitaka kwelikweli, tuseme kipande cha embe. Kadi moja yenye picha ya embe iko katikati yao. Mtu wa pili anakaa nyuma ya mtoto na haongei kabisa. Mtoto anaponyoosha mkono kulifuata embe, aliye nyuma anauongoza mkono huo mpaka kwenye kadi, kisha mpaka kwenye kiganja cha aliye mbele. Aliye mbele hajauliza "unataka nini?" wala hajasema "toa kadi." Kadi ikigusa kiganja chake tu, hapohapo anasema "Embe!" na kulitoa. Baada ya kurudia, mkono wa nyuma unaanza kulegea, mpaka mtoto anafanya mwenyewe.

Tazama mtoto amejifunza nini. Amejifunza kwamba mtu mwingine ni wa kuendewa, kwamba kumwendea kuna faida, na kwamba kila anapofanya hivyo husikia neno lile lile likitamkwa wazi, wakati ule ule akili yake ikiwa kwenye kitu chenyewe. Hiyo ndiyo ardhi ambamo usemi huota. Mlinganishe na mtoto anayenyimwa embe mpaka "aseme vizuri." Yeye anajifunza kwamba mazungumzo ni mtihani anaoshindwa kila siku.

Tena wapo watoto ambao hawatazungumza kwa mdomo hata wakiwa watu wazima. Nao huumwa jino, huogopa, hukataa chakula, hutaka kuondoka. Kumwambia mtoto wa namna hiyo asubiri usemi ndipo asikilizwe ni kumwacha bila ulinzi. Kadi ya "naumwa" yenye picha ya mwili, ambayo anaweza kuonyesha mahali panapouma, inaweza kuwa ndiyo inayomfikisha kwa daktari kwa wakati.

Endelea kuzungumza naye, kwa sentensi fupi na kwa sauti ya kawaida. Picha inasindikiza sauti yako, haiiondoi.

Dai la pili: "Huyu hana adabu, fimbo itamnyoosha"

Wenye dai hili wana methali mkononi: mchelea mwana kulia hulia yeye. Na ni kweli kwamba mtoto asiyewekewa mipaka hutaabika na kutaabisha. Mimi pia nataka mipaka. Ninachohoji ni kama fimbo humfikishia mtoto huyu mpaka tunaoutaka.

Fimbo inaweza kukomesha kelele za leo. Haimwambii mtoto afanye nini mahali pa kelele. Mwaka 1985, Edward Carr na Mark Durand walichapisha utafiti wa watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa na tabia za vurugu. Walianza kwa kuchunguza vurugu za kila mmoja hutokea wakati gani: kazi inapokuwa ngumu, au anapokosa kuangaliwa na mtu mzima. Kisha wakawafundisha kusema sentensi fupi ya kuomba msaada au ya kuuliza kama kazi yao ni nzuri. Sentensi ilipolingana na sababu ya mtoto husika, vurugu zilishuka. Isipolingana, hazikushuka. Kwa maneno mengine, vurugu zilikuwa zinafanya kazi ya maombi, na maombi yalipopata njia nyingine zikapungua.

Tuone hili kwa karibu. Tuseme kuna mtoto anayejitupa chini na kupiga mateke kila jioni akiitwa kuoga. Familia nzima inaamini anachukia maji. Mama yake anachukua daftari na kuandika, kwa jioni chache, mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Daftari linaonyesha kwamba siku ambazo televisheni haikuwashwa, mtoto huenda kuoga bila shida. Kumbe anachokipigania ni katuni inayokatwa ghafla. Mama anabandika picha mbili ubaoni: kwanza kuoga, halafu katuni. Pembeni anaweka vifuniko vitano vya soda. Kabla hajazima televisheni anaondoa kifuniko kimoja, baada ya muda cha pili, mpaka vinakwisha. Mtoto anaona mwisho unavyokuja, na anaona kwamba katuni itarudi. Kuoga kumebaki palepale; hakuna mpaka uliosogezwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtoto anaujua.

Adabu nayo inafundishika kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1991, mwalimu wa Kimarekani Carol Gray alianza kueneza visa vifupi vya kumweleza mtoto hali fulani inavyokwenda. Kwetu kisa cha namna hiyo kinaweza kuwa na kurasa nne, kila moja na picha yake: Babu anakuja leo. Nikimwona babu, nampa mkono au naweka kichwa apokee shikamoo yangu. Babu anafurahi. Nikichoka na wageni, namwonyesha mama kadi ya mapumziko. Mtoto asiyeweza kutamka shikamoo anakuwa na namna ya kuitoa, na babu anaheshimiwa. Fimbo isingetufikisha hapo.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu kwa masharti. Popote tulipo, swali la kujiuliza kabla ya kumwadhibu mtoto mwenye tofauti ya ukuaji ni moja: je, alielewa nilichomwambia, na alikuwa na njia ya kunijibu?

Dai la tatu: "Haya ni mambo ya Wazungu, tena ni ghali"

Zilikotoka nyingi kati ya mbinu hizi ni kweli ni Marekani, na hakuna sababu ya kuficha. Ratiba za picha zilipata nguvu kupitia TEACCH, programu ya kuwasaidia watoto wenye usonji iliyoanzishwa mwaka 1972 katika jimbo la North Carolina na Eric Schopler, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani na ambaye familia yake iliwakimbia Wanazi. Inafaa kukumbuka alipingana na nini. Wakati ule wataalamu wengi huko Marekani waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio unaowasababishia watoto usonji. Schopler aliikataa lawama hiyo, akawaweka wazazi kwenye kazi ya kufundisha bega kwa bega na wataalamu. Mama anayeambiwa huku kwetu kwamba mtoto wake yuko hivyo kwa sababu alikiuka mwiko au alirogwa ana sababu ya kuifurahia historia hiyo.

Lakini kadi yenyewe haina utaifa, na mara nyingi iliyotengenezwa nyumbani inashinda ya kununua. Mtoto anayeoga kwa kopo na beseni, ukimwonyesha picha ya bafu lenye bomba la mvua na pazia, hawezi kuioanisha na bafu la uani kwao. Mtoto anayetumia choo cha kuchuchumaa haoni uhusiano wowote kati yake na mchoro wa choo cha kukaa. Piga picha ya kopo lake, beseni lake, ndala zake, mswaki wake. Zisafishe kwenye duka la picha au zichapishe steshenari, au zichore kwa kalamu ya wino mzito. Zibandike kwenye vipande vya boksi, zizungushie selotepu pana zisiloe. Kamba na vibanio vya nguo vinatosha kuzitundika. Boksi la viatu likiwekwa chini ya kamba linakuwa mahali pa kudondoshea kadi ya shughuli iliyokwisha, na sauti ya kadi kuanguka ndani yake humwambia mtoto "hili tumemaliza."

Kwa mtoto ambaye bado hajaelewa kwamba picha inawakilisha kitu, anza na kitu chenyewe. Kijiko kinamaanisha chakula, kopo linamaanisha kuoga, begi linamaanisha shule. Anakabidhiwa kijiko, anakwenda nacho mezani. Baadaye kijiko hufungwa pamoja na picha yake, na mwisho picha husimama peke yake. Njia hiyo haina gharama yoyote, na kwa mtoto asiyeona vizuri huenda ikawa ndiyo inayofaa kuliko zote.

Na wala huhitaji kusubiri bingwa. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yakijengwa juu ya michezo na shughuli za kila siku za familia. Yaliandaliwa makusudi yaweze kuongozwa na watu wasio wataalamu bingwa, na Kenya na Ethiopia ni miongoni mwa nchi yalikojaribiwa. Mtaalamu wa tiba ya usemi akipatikana ni heri kubwa. Asipopatikana, kazi inaanza.

Dai la nne: "Nyota na stika ni rushwa"

Katika dai hili kuna ukweli ambao lazima tuukubali. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Watoto waliopenda kuchora waliahidiwa zawadi wakichora. Baadaye, zawadi zilipokuwa hazipo, walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kwa hiyo ndiyo, zawadi inaweza kuua penzi.

Somo lake ni kuzitumia kwa kipimo. Usimlipe mtoto kwa jambo analolipenda tayari. Nyota zitunzie jambo ambalo kwake ni mlima: kukaa kwenye kiti cha kinyozi, kuvaa viatu vya shule vinavyomkera, kusubiri zamu. Jambo liwe moja na dogo, picha yake iwe imebandikwa juu ya ubao wa nyota, anakobandikiwa nyota kila anapolifanya, na thawabu ije upesi. Nyota tano kwa mtoto anayeanza ni nyingi; anza na mbili. Msifu kwa kutaja alichofanya: "Umesubiri zamu yako!" ina maana zaidi kwake kuliko "Hongera." Jambo likishazoeleka, nyota zipungue na kuondoka. Na kamwe usimnyang'anye nyota aliyoipata kwa sababu baadaye amekosea. Ukifanya hivyo umemfundisha kwamba ahadi yako haina thamani.

La kuogopa zaidi ni lile tunalolifanya bila ubao wowote: kumnunulia biskuti katikati ya duka ili anyamaze. Hapo kilicholipwa ni kilio. Ubao wa nyota unageuza mpangilio, ahadi ikitangulia na juhudi ikifuata, na mtoto anajua mapema ni nini kinachotakiwa.

Dai la tano: "Picha ni za watoto wachanga, atazitegemea maisha yake yote"

Anayesema hivi ajitazame yeye mwenyewe. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965, wagombea wa ubunge walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili kila mpiga kura ajue anamchagua nani. Mpaka leo karatasi za kura zina picha za wagombea na alama za vyama, na profesa huzitazama sawa na mkulima. Dar es Salaam daladala hupakwa rangi za njia zake, na abiria anaitambua kwa mbali kabla hajasoma maandishi. Tunatumia kalenda, ramani, alama za barabarani. Hakuna anayetuambia tumekwama utotoni.

Kuhusu kutegemea, tuulize mtoto asiye na ratiba anategemea nini. Anategemea mdomo wa mama yake. Vua nguo. Weka kule. Chukua sabuni. Sugua mguu. Mama akiugua, mambo yamesimama. Mtoto anayeisoma ratiba yake ukutani anaoga mwenyewe, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kujitegemea. Ili iwe hivyo, kinachopaswa kuondoka kwanza ni maelekezo ya mtu mzima. Simama nyuma yake, mwongoze kwa kidole kwenye kadi inayofuata bila kusema neno, kisha rudi hatua moja nyuma kila anapoweza. Ratiba yenyewe inaweza kubaki na kukua pamoja naye: picha halisi, kisha michoro, kisha picha zenye maneno, kisha orodha ya maandishi, kisha vikumbusho kwenye simu kama walivyo navyo watu wa ofisini.

Wala picha si dalili ya akili ndogo. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na mwenye usonji mwenyewe, alichapisha mwaka 1995 kitabu kinachoeleza jinsi anavyofikiri kwa picha, na kazi yake ya kusanifu mazizi na machinjio ilitokana na uwezo huo. Baadaye alikiri kwamba si kila mwenye usonji hufikiri kama yeye. Tuchukue yote mawili: tusiwadharau wanaofikiri kwa picha, na tusidhani kila mtoto ni hivyo. Mtoto anayesoma vizuri huenda akapendelea orodha ya maneno, naye apewe.

Dai la sita: "Tulijaribu, hazikufanya kazi"

Dai hili linahitaji kusikilizwa kwa makini, kwa sababu wanaolitoa wamefanya juhudi. Mara nyingi ukiuliza zilivyotumika, sababu hujitokeza.

Kadi zilitolewa kabatini siku mtoto alipochachamaa. Wakati huo hakuna anayejifunza kitu, mtoto wala mtu mzima. Kadi hufundishwa wakati wa utulivu, kwa jambo jepesi na la kupendeza, ndipo zifae wakati wa shida.

Au ratiba ilijaa amri tupu: amka, oga, vaa, andika, lala. Mtoto akaona picha ni habari mbaya, akazichana. Weka bembea, weka muziki, weka juisi ya ukwaju, viwe katikati ya kazi.

Au mtu mzima hakuheshimu kadi. Mtoto alitoa kadi ya mapumziko akaambiwa "baadaye," au alimaliza "kwanza" na "halafu" haikuja. Siku za mwanzo kadi ya mapumziko lazima ipokelewe kila inapotolewa, hata kama ni dakika moja, mpaka mtoto aiamini. Ndipo umfundishe kadi ya "subiri," ukianza na sekunde chache.

Au siku ilibadilika na ratiba haikusema. Mvua imenyesha, hakuna kwenda ufukweni. Andaa kadi moja ya "imebadilika," na mara za kwanza itumie kwa mabadiliko ya kufurahisha, mfano uji umebadilika kuwa chapati. Mtoto akishaizoea kwa mema, ataivumilia kwa machungu.

Au nyumbani kuna kadi moja na shuleni kuna nyingine. Mzazi na mwalimu wakae pamoja waafikiane picha.

Na yapo mambo ambayo picha hazitayamaliza. Mtoto aliyekuwa mtulivu akaanza ghafla kujigonga kichwa huenda anaumwa sikio au jino, au amevimbiwa, au hajalala. Apelekwe hospitali kwanza. Picha hazitibu usonji wala hazikusudiwi kuuondoa. Zinaondoa kizuizi kati ya mtoto na watu wake. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina yalitaja mbinu 28 zenye ushahidi wa kutosha kwa watoto na vijana wenye usonji, na nyenzo za picha zilikuwa miongoni mwake. Moja kati ya 28: ina nafasi yake, na wenzake wana zao.

Dai la saba: "Mwalimu ana wanafunzi wengi, hana muda wa kadi za mtoto mmoja"

Mzigo wa walimu ni wa kweli, na serikali zinapaswa kuajiri zaidi. Vyuo vya elimu maalum tunavyo, KISE huko Nairobi tangu 1986 na Patandi mkoani Arusha, lakini walimu wanaotoka humo hawajatosha kufika kila shule. Hata hivyo ratiba ya siku iliyobandikwa ubaoni kwa picha husaidia darasa zima. Huyu anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili anaielewa, yule aliyechelewa kufika anaona wako wapi, na mwalimu hajibu tena "mapumziko saa ngapi?" mara ishirini. Kadi tatu za mtoto mmoja, maji, choo na mapumziko, zinaingia kwenye mfuko wa sare. Kumtuliza mtoto aliyelipuka huchukua muda mrefu kuliko kupokea kadi.

Pa kuanzia

Nchi zetu zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na kifungu chake cha 2 kinazihesabu njia mbadala za mawasiliano kuwa mawasiliano kamili. Mtoto anayekupa kadi amesema. Anastahili jibu kama angesema kwa mdomo.

Mzazi, chagua wakati mmoja wa siku unaokusumbua kuliko yote na uutengenezee picha mbili. Mwalimu, bandika ratiba mahali ambapo macho ya mtoto yanafika, si yako. Mwalimu mkuu, ruhusu kadi hizo zipite getini na kuingia darasani, na uwaeleze wanafunzi wenzake maana yake. Shangazi, babu, jirani, ukiona mtoto ananyoosha kadi kwako, ipokee.

Na kwa yeyote ambaye bado anapinga, nina ombi moja la dhati. Lete njia nyingine itakayomwezesha mtoto huyu kujua siku yake inavyokwenda na kukataa jambo bila kulazimika kupiga kelele. Ukiwa nayo, tutaitumia kwa shukrani. Ukiwa huna, usimwondolee hii aliyonayo.